DNA kama waya: fundi ana haki ya kucheka, ila asimalize kicheko

Juzi nilikwenda na mpwa wangu, mwanafunzi wa biolojia, hadi Unga Limited hapa Arusha kuchukua mota ya mashine ya kusaga iliyokuwa imeungua. Katika kusubiri akamwambia fundi kwamba wapo wanasayansi wanaotaka DNA iwe waya wa umeme. Fundi akaweka koleo chini. "Ile ya kupimia mtoto ni wa nani? Shaba imewakosea nini?"

Wenye matumaini wana jibu, tena si dogo. DNA ina unene wa nanomita 2 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ndani yake besi, yaani zile herufi zake nne A, T, G na C, zimepangwa juu kwa juu kama sahani kabatini, kila moja nanomita 0.34 kutoka kwa mwenzake. Mwaka 1962 Eley na Spivey walidai kuwa mpangilio huo unaweza kupitisha umeme. Mwaka 1993 Jacqueline Barton na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, wakaripoti elektroni ikihama ndani ya DNA kwa umbali wa nanomita 4 hivi, kwa kasi kubwa. Tena DNA hujitafutia mwenzi: A hushika T, G hushika C. Shaba haijui pa kwenda mpaka uivute.

Kisha vipimo vikaanza kugombana. Mwaka 1999 Fink na Schönenberger, Uswisi, wakasema inapitisha vizuri. Mwaka uliofuata, katika chuo cha Delft nchini Uholanzi, kipande cha nanomita 10.4 kikaonyesha tabia ya nusu-kipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme katika hali fulani tu. Mwaka 2001, Delft hiyohiyo, vipande vinavyozidi nanomita 40 havikupitisha kitu.

Fundi wetu asingeshangaa. Kabla ya kupima waya husugua ncha kwa msasa, la sivyo mita inapima uchafu. DNA haisuguliki: maji na chumvi huishikilia kila upande, miale ya hadubini ya elektroni huiachia masizi, na hakuna anayejua kwa hakika molekuli imegusana vipi na vipande vya dhahabu vya kuingizia umeme. Sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na hapo.

Kwa masafa marefu, mimi niko na fundi. Chaji hupenda kuruka kutoka G hadi G, kwa kuwa G ndiyo inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi. Ukijaza A na T nyingi katikati, safari inadorora. Mwaka 2014 kundi la Danny Porath, Israeli, lilipitisha mkondo wa zaidi ya pikoampea 100 (pikoampea ni sehemu moja ya trilioni ya ampea) katika DNA ya nyuzi nne iliyojaa G. Ni kazi nzuri, lakini taa ndogo ya LED hula miliampea 10, yaani mara milioni 100 ya hizo. (Saketi za molekuli haziwashi taa, najua. Ila atakayeuza neno "waya" akubali kupimwa kama waya.)

Hata hivyo, mwashi anapojenga ukuta hufunga uzi kwenye misumari miwili. Uzi haubebi tofali hata moja, ila bila huo ukuta unapinda. Mwaka 1998 Erez Braun na wenzake wa chuo cha Technion, Haifa, Israeli, walifanya hivyohivyo: walinyoosha DNA kati ya vipande viwili vya dhahabu vilivyoachana kwa mikromita 12, kisha wakaotesha madini ya fedha juu yake. Umeme ukapita kwenye fedha. DNA ilionyesha njia tu. Hapo naona faida kubwa kuliko kuilazimisha ibebe mzigo wenyewe.

Na ule udhaifu wake una mnunuzi. Herufi moja ikikosea mwenzi, mkondo hupungua kwa kiasi kinachopimika. Kundi la Barton limeutumia mpunguo huo kutambua kasoro katika vinasaba. Anayetaka waya atakereka, anayetaka kipimo cha maabara atafurahi. Na kipande kinachohitajika kwa kazi hiyo ni kifupi, ndani ya umbali ambao hata wabishi wanakubali kuwa chaji inapita.