Niliusingizia ubuyu

Kwa miaka mingi nimeuhukumu ubuyu. Kila nikishikwa na kipandauso, nikianza kuhesabu nilichokula jana yake, naukuta: ule wa Zanzibar, mwekundu, vidole bado vina rangi. Shangazi akaupiga marufuku nyumbani. "Unajitakia mwenyewe, mwanangu." Nikauacha. Kichwa hakikuniacha.

Kilichonirudisha kwa muuza ubuyu ni utafiti wa Hamburg, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2016. Laura Schulte na Arne May walimpima mgonjwa mmoja wa kipandauso kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, kila siku kwa mwezi mzima, huku wakimpulizia puani amonia, ile inayochoma hadi machozi yakutoke. Mwezi ule alishikwa mara 3. Picha zikaonyesha kuwa ndani ya saa 24 kabla maumivu hayajaanza, haipothalamasi yake ilikuwa ikiipokea amonia ileile tofauti na siku nyingine. Hicho ni kisehemu kidogo chini ya ubongo kinachosimamia njaa, kiu na usingizi.

Njaa na usingizi! Nikakumbuka miayo yangu ya kutwa kabla kichwa hakijaanza, na ule uchu wa kitu kichachu. Huenda nilikuwa nautafuta ubuyu kwa kuwa shambulio lilishaanza zamani. Sisemi hakuna chakula kinachochokoza kichwa, ila kuna watu tumewanyima raha bure.

Mgonjwa mmoja tu? Ndiyo, hata mimi niliguna. Mwaka 2020 kundi hilohilo likatoa matokeo ya wagonjwa 7, na safari hii haipothalamasi ilionekana kuamka hadi saa 48 kabla. Bado ni wachache, lakini nani atakubali kulala kila siku ya Mungu ndani ya bomba lenye kelele kama gereji ya kunyoosha bodi?

Na maumivu yakiisha, si kwamba yameisha yote. Tangu 1995 watafiti wa Ujerumani walishaona shina la ubongo likiendelea kuchemka hata baada ya sumatriptani, dawa ya kipandauso, kutuliza kichwa. Kwa hiyo bosi, nikisema kimeacha ila bado siko sawa, sikudanganyi.

Shangazi hajashawishika. Juzi alinikuta na kipakiti mkononi, napiga miayo. "Haya, kesho tutaonana." Kesho yake alinikuta gizani, kitambaa cha maji usoni. Akavuta pazia vizuri, akatoka bila kusema neno.