Klasi dhahania bado ina kazi yake

Vijana tunaoandika nao programu hapa Kisumu wameshaamua: kila kitu kiwe kiolesura (orodha ya kazi ambazo klasi, yaani kielelezo cha kuundia vitu vya programu, inaahidi kuzifanya), klasi dhahania (klasi isiyokamilika, ya kurithiwa tu) tuwaachie wazee. Siwalaumu. Katika lugha ya programu ya Java klasi hurithi mzazi mmoja tu, ila violesura inaweza kutimiza hata kumi. Tena mzazi akiguswa methodi moja (kazi moja ya klasi), watoto huweza kuanguka bila wao kubadilisha chochote. Na tangu Java 8 ya mwaka 2014, kiolesura nacho kinabeba methodi zenye mwili, yaani maelekezo ya kuzitekeleza.

Lakini hakibebi hali, yaani data inayobadilika programu ikiendelea. Kigeu (mahali pa kuhifadhi thamani) ukikiandika ndani ya kiolesura kinageuka kuwa thamani isiyobadilika, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa sacco moja ya matatu za Kisumu na Nakuru. Nilikuta kiolesura Malipo, safi kabisa, na klasi tatu zinazokitimiza: M-Pesa, benki na pesa taslimu. Kila moja ilikuwa na kihesabio chake cha nambari za risiti, mistari ileile imenakiliwa mara tatu. Kasoro ikaonekana: risiti ikifutwa, nambari yake inatolewa tena. Mtu akarekebisha klasi mbili, ya taslimu ikamponyoka. Karani akakesha na vitabu, risiti mbili nambari moja, na lawama zote zikamwendea makanga (yeye hushukiwa hata mvua isiponyesha).

Utasema kihesabio kingewekwa katika kitu cha kando, kila klasi ikabidhiwe. Ni kweli, na kwenye mfumo mkubwa ningefanya hivyo. Kwa klasi tatu zilizo ndugu wa damu, naona ni kuuzunguka mlango ulio wazi.

Waliotengeneza Java wenyewe hawakuchagua upande. List, yaani orodha, ni kiolesura chenye methodi zaidi ya ishirini. Ukirithi klasi dhahania AbstractList, orodha ya kusomwa tu unaimaliza kwa kuandika mbili, get na size. Humo ndani mna kigeu modCount, kinachohesabu orodha imeongezwa au kupunguzwa mara ngapi ili anayeipitia ashtuke ikiguswa katikati. Hesabu hiyo kiolesura hakina pa kuiweka. Anayeitumia orodha kwa nje haoni hata kimoja kati ya hayo. Anaiona List tu.

Nasi tukafanya vivyo hivyo. Malipo ikabaki ilivyo, chini yake tukaweka klasi dhahania yenye kihesabio, M-Pesa na taslimu zikairithi. Ya benki ikatushinda, kwa kuwa tayari ilikuwa inarithi klasi kutoka maktaba ya nje, na mzazi wa pili Java haimkubali. Hiyo tukaiachia kiolesura na nakala yake ya mistari ileile, na juu yake nikaandika onyo kwa yeyote atakayekuja kurekebisha.