Albamu nazipima kwa barabara ya Mnazi Mmoja

Nyumbani Shangani, hapa Mtwara, hakuna anayenivumilia. Nikifungulia metali, ule muziki wa roki nzito, sebuleni, mke wangu anauliza kama jenereta la jirani limeharibika tena. Kwa hiyo albamu mpya nazipakua usiku bando likiwa rahisi, kisha nazisikilizia safarini: nakaa dirisha la kulia, hedifoni masikioni, kuanzia stendi ya Mkanaledi mpaka Mnazi Mmoja, pale njia inapogawanyika ya Masasi na ya Lindi. Nikishika simu kuruka wimbo kabla ya njia panda, albamu imefeli.

Absolute Elsewhere ya bendi ya Blood Incantation imefaulu mara nne. Jamaa hawa wa Denver, Marekani, waliitoa Oktoba 2024 ikiwa na nyimbo mbili tu, kila mmoja dakika 20 na ushei, umekatwa vipande vitatu. Unaanza na vurugu za metali ya kifo (death metal), drams zinakimbizana, jamaa ananguruma kama anachimba kisima kwa koo. Halafu kila kitu kinatulia. Vinanda vinatanda taratibu, na humo yumo Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya vinanda vya umeme ya Ujerumani, maana albamu yenyewe walikwenda kuirekodia Berlin. Mara ya kwanza utulivu ule ulinikuta Mikindani, maji yamekupwa, ngalawa zimelalia ubavu kwenye tope. Nikasahau kabisa kwamba nasikiliza metali. Ngurumo ziliporudi, mzee niliyekaa naye akanigusa bega.

"Mwanangu, huyo anaumwa?"

Nikamwambia hapana, shikamoo, ndivyo wanavyoimba. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karanga zake.

Ninachokipenda kwenye albamu ile ni pumzi. Wimbo mrefu haunichoshi kwa urefu wake, unanichosha usiponiacha nipumue. Hapo ndipo ninapogombana na wanaoisifia The Last Will and Testament ya Opeth, bendi ya Sweden, ya Novemba 2024. Wanashangilia kwamba mwimbaji wao Mikael Åkerfeldt amerudi kunguruma, jambo ambalo hakulifanya kwenye albamu tangu Watershed ya 2008. Sawa, sauti bado anayo. Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull naye kapuliza filimbi, raha tupu. Hata kisa ni kizuri: baba kafa, watoto wanasomewa wosia na siri zinamwagika. (Ungekuwa wosia wa mikorosho ya Newala, kelele zingezidi hizo.) Lakini kila wimbo una milango kumi, hujakalia kiti unavutwa chumba kingine. Niliruka wa nne. Sikuwa hata nimefika nusu ya njia.

King Gizzard & the Lizard Wizard wa Australia mnisamehe, nitapita haraka. Watu waliotoa albamu tano ndani ya 2022 ni kama mikorosho isiyopuliziwa salfa: majani tele, korosho za kuokota. PetroDragonic Apocalypse ya 2023, ile ya metali, naitoa kwenye lawama hizo. Ile inapiga kweli.

Safari iliyofuata nilimkuta mzee yuleyule, na karanga zake. Safari hii alinyoosha mkono mwenyewe. Nikampa hedifoni ya kushoto, nikaogopa kumwekea ngurumo, nikamwekea Funeral for Justice ya Mdou Moctar, ya 2024. Huyu ni Mtuareg wa Niger, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, anaimba Kitamasheki. Gitaa lake linakwaruza, linazunguka palepale, kisha linapaa kama kitu kilichokatika kamba. Kwangu hiyo ndiyo roki ya saikedeliki, ile ya kukupeleka ndotoni, iliyo hai kuliko zote za miaka hii, wala haina haja ya vinanda vya anga za mbali.

Mzee alisikiliza nyimbo mbili kimya, mguu unapiga sakafu ya basi.

"Anagomba na nani huyu?"

"Na viongozi wetu wa Afrika, babu. Na Wafaransa pia."

Akaisukuma hedifoni ndani zaidi ya sikio. "Basi ongeza sauti."