Nilikwenda Kibosho Kuomba Msamaha, Nikang'oa Mpaka wa Watu

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa hesabu amekwisha kuwasimulia watu wa chumba cha walimu, watu wa jumuiya yetu na, kwa ninavyosikia, wauza mitumba wa Kiboriloni, kwamba nilikamatwa Kibosho nikiiba shamba la mjane, ninaona ni haki yangu kusimulia jambo hili jinsi lilivyokuwa. Sikuiba shamba. Shamba haliibiki kwa mikono miwili asubuhi ya Jumamosi. Nilichokifanya ni kung'oa mmea mmoja, na hata huo niling'oa kwa nia njema, nia ambayo mwenzangu huyo huiruka kila anaposimulia ili watu wacheke upesi.

Kile kikundi cha vijana wanaoosha magari hapa Moshi mnakifahamu, maana nimewachosha nacho humu kwa muda mrefu. Mimi ni mlezi wake, cheo ambacho hakina mshahara wala posho, ila lawama zake hulipwa kwa wakati. Tumekuwa tukihangaikia mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Makaratasi unayo: katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao, andiko la mradi, barua ya mtendaji, akaunti ya benki. Vijana walichanga shilingi 40,000 za kutoa nakala na kupiga picha ndogo, wakamkabidhi mdogo wao kuliko wote, kijana wa miaka 19 ambaye utoto wake mwingi ulipitia stendi, na siku ya kikao mimi nikamuuliza fedha ziko wapi kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza. Sitayarudia maneno yote niliyoyasema, ila neno "stendi" lilikuwamo. Kijana aliondoka bila kunijibu. Risiti ya stesheneri, pamoja na chenji iliyokunjwa ndani yake, ilikuwa kwenye faili nililokuwa nimelikalia.

Jaribio langu la kwanza la kuomba radhi lilikuwa la kitajiri: nilimtumia shilingi 20,000 kwa simu, bila neno lolote, nikitumaini kwamba fedha ingejieleza yenyewe. Ilirudi jioni ile ile, kamili, makato ameyalipa yeye. Yaani nilimtukana, halafu nikamtoza.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kikundi, ambaye ana miaka 22 na busara inayoniudhi, aliponiita pembeni. Alinieleza kwamba kijana amepanda kwa bibi yake Kibosho na hana mpango wa kushuka, na kwamba huku kwao mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito hampigii simu, humpelekea isale. Ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao wataalamu huuita Dracaena; ukimpelekea mtu jani lake ukamwomba msamaha, huona vigumu mno kukukatalia. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, ninaujua mkorosho kuliko mgomba, na habari hiyo niliipokea kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa mlango wa pembeni. Wenyeji wa Kilimanjaro mnaosoma hapa nadhani mmekwisha kushika vichwa, kwa sababu mnajua kazi nyingine ya isale. Mwenyekiti hakuniambia kazi hiyo nyingine. Alipoulizwa baadaye, alijitetea kwamba hakufikiri kuna mtu mzima mwenye shahada anayehitaji kuambiwa.

Basi nilipanda haisi ya Kibosho nikiwa nimevaa shati jeupe na viatu vya ngozi, na mkononi nina mfuko wa sukari na mchele kwa ajili ya bibi wa kijana. Masika ilikuwa imekolea na mvua ilinyesha usiku kucha, hivyo njia ya kutoka barabarani kuelekea huko vihambani, yaani kwenye mashamba ya familia yanayozunguka nyumba zao, ilikuwa utelezi mtupu. Niliuliza njia kwa watoto, nikaelekezwa, nikatembea kati ya migomba na mikahawa hadi nikaona, mita chache kabla ya nyumba niliyotajiwa, masale yenye afya njema yamesimama katika mstari mmoja ulionyooka. Kule kunyooka kungetosha kumtia shaka mtu yeyote, kwa kuwa mimea ya porini haipangi foleni. Mimi nilimshukuru Mungu kwa wingi wake.

Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu hii ndiyo ambayo mwalimu wa hesabu huisimulia vibaya kuliko zote.

Kuchuma jani moja kungenichukua nukta chache. Lakini nilisimama pale nikajiambia kwamba jani moja ni ubahili. Kosa langu lilikuwa la hadharani, mbele ya kikundi kizima na wateja wawili. Jani moja lingetosha kwa mtu aliyechelewa kurudisha sufuria. Mtu mwenye toba ya kweli, nilijiambia, hupeleka isale zima. Kwa hiyo niliuegemeza mfuko wangu kwenye mgomba, nikakunja mikono ya shati, nikachagua isale lililonona kuliko yote, lile la kwenye kona, nikalikumbatia kwa chini na kulivuta. Halikutikisika. Nilivuta tena, safari hii nimeegemeza kiatu kimoja kwenye jiwe, nikasikia mzizi ukikatika chini ya udongo, kisha mwingine, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilipumua, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote, na ndipo ardhi, iliyokuwa ikibishana nami muda wote huo, ikakubali yote kwa mara moja.

Nyuma yangu palikuwa na mfongo. Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji wa jadi ambao Wachaga waliuchimba kuleta maji vihambani kutoka mlimani, na maji ya mlimani hayajali kwamba wewe ni mwalimu. Niliingia kwa makalio. Nilikaa ndani ya maji hadi kiunoni, miguu ikiwa bado ukingoni, isale limelala kifuani pangu, mizizi yake ikiwa usawa wa uso, na kwa kuwa nilikuwa nimefungua kinywa ili nipige kelele, udongo ulianza kudondoka humo taratibu. Nilijaribu kuinuka, kiatu cha kulia kikateleza, nikakaa tena. Nilipofuta macho niliona mabuti ya mvua. Juu ya mabuti palikuwa na khanga, na juu ya khanga bibi mmoja aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, mkononi ameshika mundu.

Nilifanya jambo pekee ambalo malezi ya Lindi yalinifundisha.

"Shikamoo, bibi," nilisema, nikiwa ndani ya maji.

Hakuitikia. Kwanza aliutua mzigo, bila haraka yoyote. Aliufuta mundu kwenye khanga, upande mmoja, kisha upande wa pili. Aliliangalia shimo, akaniangalia mimi, akaliangalia shimo tena, kwa muda uliotosha kabisa kwa maji kuingia hata kwenye mifuko ambayo yalikuwa hayajaifikia.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Umetumwa na shemeji yangu?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja wa hapo jirani."

"Na mpaka wangu amekukosea nini, baba?"

Ndugu zangu wa Lindi, Mtwara na kwingineko, jifunzeni kupitia maji yangu: isale ndilo alama ya mpaka wa kihamba. Wazee hulipanda ukingoni ili watoto na wajukuu wasigombane, na lile la kwenye kona ndilo shahidi mkuu. Nilikuwa nimelikumbatia shahidi. Bibi alipiga yowe moja tu, "Yesu na Maria, wameng'oa mpaka!", na vihamba vyote vilivyoonekana havina watu vikatoa watu. Walikuja wenye mapanga ya kukatia ndizi, walikuja wenye watoto mgongoni, akaja balozi wa nyumba kumi akiwa bado ana povu la sabuni sikioni. Shemeji mwenyewe alifika akitabasamu, akasimama karibu na shimo, akasema kwamba kwa kuwa alama haipo tena, basi hii ni nafasi nzuri ya kupima upya. Bibi aliunyanyua tena mundu. Mtu mmoja alisema mimi ni dalali wa viwanja kutoka mjini. Mwingine alisema dalali hawezi kuvaa viatu vile, huyu ni mtu wa ardhi. Hakuna aliyependekeza nitolewe majini. Balozi alitoa simu akanipiga picha, kwa ajili ya ushahidi kama alivyoniambia, na ushahidi huo ulifika kwa mwalimu wa hesabu kabla nguo zangu hazijakauka. Njia uliyopita bado naichunguza.

Kijana alitokea katikati ya zogo hilo, akiwa na ndoo. Aliniona. Nilitegemea acheke, na haki hiyo alikuwa nayo.

"Naombeni kabla hamjamhukumu mumuulize kwanza," alisema.

Nilitamani mfongo uwe na kina zaidi.

"Huyu ni mlezi wa kikundi chetu cha mjini," aliendelea. "Si mwizi. Ila ni mtu wa Lindi."

Umati wote ulisema "Aaa" kwa pamoja, na mapanga yakashuka. Kabila langu, elimu yangu na akili zangu vilipimwa kwa sauti moja, na nikaachiwa huru kwa kukosa ufahamu.

Balozi aliamua palepale kwamba nilirudishe isale kwa mikono yangu, mbele ya pande zote mbili, ndani ya shimo lile lile na si hatua moja huku wala kule. Shemeji alipinga, akazidiwa. Nilipomaliza kuupiga udongo kwa viganja, balozi akasema limebaki jambo moja, kwamba nimwombe bibi msamaha, na kosa la kung'oa mpaka haliombewi msamaha kwa maneno matupu. Linahitaji isale. Nilinyoosha mkono kuelekea mstarini, kwa mazoea, na watu kama thelathini wakapiga kelele kwa wakati mmoja. Ilikubaliwa kwamba mimi nisiguse mmea wowote. Kijana ndiye aliyekwenda kwenye kihamba cha bibi yake, akachuma jani, akaniletea. Nililitoa kwa mikono miwili nikiwa nimepiga goti, bibi akalipokea, akaniambia nimesamehewa ila nisipite tena njia ile peke yangu.

Hapo nikagundua tatizo, na waliokuwapo waligundua pia, maana kicheko kilianza upande wa akina mama. Jani lililochumwa na yule niliyekuja kumwomba msamaha nilikuwa nimelitumia kwa mtu mwingine. Kwake sikuwa na kitu, na sikuruhusiwa kuchuma. Ilinibidi nimgeukie kijana, nikiwa ninachuruzika, nimwombe tafadhali aniletee jani jingine ili nimpe yeye.

Alikwenda. Alirudi nalo, akanikabidhi, kisha akasimama mbele yangu akingoja. Nilimwambia kwamba nilimtuhumu bila kuuliza, kwamba niliitaja stendi nikijua itamuuma, na kwamba risiti yake ilikuwa chini yangu muda wote. Alilipokea jani. Nilidhani tumemaliza.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Lakini hawa hawakusikia ulivyonisema. Wale wa kikundi walisikia, na wale wateja."

Kwa hiyo Jumapili niliyarudia yote pale pale tunapooshea magari, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mwanzo, na mwenye Noah aliyekuwa akingoja gari lake akapiga makofi akidhani ni mahubiri. Mengine yalikwenda haraka. Kijana amerudi, sasa ndiye mweka hazina, na faili la risiti linakaa kwake wala mimi siruhusiwi kulikalia. Tumewasilisha makaratasi kwa afisa maendeleo ya jamii, tunasubiri. Sukari na mchele vilifika kwa bibi vikiwa vimelowa, akavipokea hivyo hivyo, akanilisha mtori. Isale la kwenye kona linaendelea vizuri; ninajua kwa sababu ninatakiwa kupanda kulikagua, na shemeji naye hulikagua, kwa matumaini tofauti na yangu.

Jambo la mwisho ni la kikatiba. Mwenyekiti alileta pendekezo la kifungu kipya, kwamba mlezi asiende kuomba msamaha mahali popote bila kusindikizwa na mwanachama angalau mmoja, ikiwezekana mwenyeji. Kilipitishwa kwa kura zote, pamoja na yangu.