Chuo cha primedi Marekani: jina kubwa halitakufanyia mtihani

Kila barua za vyuo zikianza kutoka, magrupu ya wazazi wenzetu walioko Marekani yanajaa swali lile lile, mtoto kapata vyuo vitatu na anataka udaktari, aende kipi? Na jibu ni lile lile, mpeleke chenye jina. Mi naona huo ushauri unawaponza watoto wengi sana.

Tuelewane kwanza. Kule udaktari huanzi ukitoka sekondari, unamaliza digrii ya kwanza ya miaka minne ndo unaomba shule ya udaktari, miaka mingine minne. Na primedi yenyewe vyuo vingi sio digrii, ni masomo tu unayotakiwa uwe umepitia: baiolojia, kemia, oganiki kemistri, fizikia, karibu yote na maabara yake, biokemia, na saikolojia na sosholojia kidogo kwa sababu tangu 2015 MCAT, yani mtihani wa kuombea shule ya udaktari, unauliza mambo hayo. Digrii yako inaweza kuwa ya historia na hakuna atakayekushangaa. Kwahiyo chuo kikijisifia eti tuna programu ya primedi, jua kinakuuzia kitu ambacho karibu kila chuo kinacho.

Sasa shule za udaktari zinaangalia nini? GPA, yani wastani wa alama zako za chuo, na MCAT ndo mlango wa kwanza. MCAT inatoka 472 mpaka 528, ni ile ile kwa wote, uwe umetoka Harvard au chuo cha jimbo ambacho hata jirani yako hakijui. GPA ndo penye shughuli, manake inahesabiwa na ya sayansi peke yake, yani baiolojia, kemia, fizikia na hesabu, na AMCAS ambao ndo mfumo wa maombi ya shule nyingi za MD, yani digrii ya udaktari, wanahesabu upya kila alama uliyowahi kupata, ukirudia somo zinaingia zote mbili, ile mbovu na ile nzuri, hata kama chuo chako kilishaifuta ile ya kwanza. Sasa mtoto aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anaenda kukaa kwenye ukumbi wa kemia wa watu 300 ambao wote walikuwa wa kwanza makwao, alama zinatolewa kwa kuwalinganisha wao kwa wao, anatoka na C mbili mwaka wa kwanza. Jina la chuo linasaidia kidogo, sikatai, ila halifuti C ya oganiki.

Halafu kuna ule ujanja wa asilimia, huu unanikera kuliko yote. Utasikia "asilimia 90 ya wanafunzi wetu wanapokelewa shule za udaktari", mzazi anachanganyikiwa kwa furaha. Hebu jiulize, kwa nchi nzima wanaoomba MD ni zaidi ya 50,000 kwa mwaka na wanaoingia hawafiki nusu, hao 90 wametokea wapi? Chukulia wanaanza kemia ya mwaka wa kwanza 300 wanaotaka udaktari. Mpaka oganiki inaisha wamebaki labda 100. Vyuo vingine vina kamati ya primedi inayoandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi, na baadhi ya kamati zinakataa kuwaandikia wale wenye alama za wasiwasi, ambao wengi wanakata tamaa hawaombi kabisa. Wanaomba 40, wanapokelewa 36, haya, asilimia 90 hiyo hapo, hakuna aliyedanganya! Wale 260 hawamo kwenye hesabu. Kwahiyo ukienda kutembelea chuo achana na bwawa la kuogelea, mtafute mshauri wa primedi umuulize walioanza walikuwa wangapi na walioomba wangapi, na kama kamati inamwandikia kila mtu au inachagua. Akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Angalia Xavier University of Louisiana kule New Orleans, chuo kidogo cha Kikatoliki cha watu weusi, wengi wetu hata hatukijui, lakini kwa miaka mingi kimekuwa kinara wa kutoa wahitimu weusi wanaokwenda kuwa madaktari. Sifa yao ni kwamba wanafunzi wanasoma kwa vikundi na kubebana badala ya kuchujana. Hicho ndo cha kutafuta, profesa anayekujua kwa jina, maana huyo huyo ndo atakuandikia barua, na hospitali iliyo karibu ya kujitolea na kumfuata daktari kazini, sio mpaka uwe na gari.

Mtoto asiye na uraia wala grini kadi huyo habari yake ni nyingine. Shule nyingi za udaktari hazimpokei kabisa, na baadhi ya zinazompokea zinataka aonyeshe hela ya miaka kadhaa imeshawekwa benki. Hilo mlijue kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, sio mwaka wa nne.

Na hela sasa. Kwa sheria iliyopitishwa 2025, kuanzia Julai 2026 mkopo mpya wa serikali kuu kwa wanaosomea udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, kinachozidi ukatafute mikopo binafsi na riba zake. Ndo maana chuo cha jimbo lako kikikupa skolashipu nzuri mi siwezi kukushauri ukiache ukakope kwa ajili ya jina. Isipokuwa vile vyuo vikubwa kama Princeton na Harvard vinavyotoa msaada kwa kuangalia kipato cha familia, huko mtoto wa kipato cha chini anaweza kusoma asilipe kitu. Hapo jina limekuja bure, chukua, ila kwa mshauri wa primedi bado uende ukaulize yale maswali.