Ndugu zangu wa Moshi, diwani aulizwe

Kila nikirudi Moshi nasikia maneno yale yale: "Huko kwenu Marekani serikali inawajali watoto wenye ulemavu, sisi huku tunamwachia Mungu." Sikubaliani. Nafanya kazi Houston, kwenye nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili. Nawaogesha, nawapa dawa, nawapeleka kliniki. Huduma ninazoziona, wazazi wamezipigania kwa udi na uvumba, na bado hazitoshi.

Jimbo letu hili la Texas lina programu za kulipia matunzo ili mtu aishi nyumbani badala ya kuwekwa kwenye taasisi, ila foleni yake inapita miaka 10. Mtoto anaandikishwa akiwa chekechea, zamu yake inafika ana ndevu. Mama wa Kiboriloni angalau ana bibi, shangazi na jirani wa kumshikia mtoto akienda sokoni Mbuyuni. Huku mwenzake anashinda na mtoto ndani ya apatimenti, na jirani hamjui hata kwa jina. Kwa hilo mmewazidi mbali.

Wanachotuzidi wao ni kuwaganda watunga sheria. Programu za namna hiyo zilianza 1981, mwaka kilipovuma kisa cha Katie Beckett, mtoto wa jimbo la Iowa aliyebaki hospitalini kwa sababu Medicaid, bima ya serikali, ilikubali kumlipia akiwa wodini tu, ingawa kumtunza kwao kungekuwa nafuu. Wazazi wake hawakunyamaza, habari ikamfikia Rais Reagan. Hata haki ya watoto hawa kusoma shule za umma iliingia kwenye sheria ya taifa mwaka 1975 tu. Kabla ya hapo shule nyingi ziliwafungia mlango.

Bunge la Texas hukutana mwaka mmoja na kuruka mwingine, kwa siku 140. Nimekwenda Austin, makao ya Bunge hilo, na wazazi. Vyumba vya kamati viko chini ya ardhi. Unajiandikisha, unasubiri, pengine hadi usiku, na ukiitwa unapewa dakika chache tu. Hakuna anayekuuliza uraia. Mama mmoja alikuja na kijana wake, akawa anamlisha kwa mpira wa tumboni huku anawasomea waheshimiwa karatasi yake. Mjumbe aliyekuwa anachezea simu akaiweka mezani.

Msidhani wanapata wanachoomba. Mwaka 2023 kima cha chini cha wahudumu wanaowatunza watu hawa kilipanda kutoka dola 8.11 hadi 10.60 kwa saa, chini kabisa ya walichotaka. Kikao kilichofuata wakarudi tena.

Sasa Moshi. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo, ya mwaka 2010, na kwa maandishi ni nzuri: inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Dada yangu ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Nilipomuuliza nani wamo kwenye kamati ya mtaa wake, alicheka. Shule ya jirani walimwambia hawana mwalimu wa elimu maalum, arudi mwakani. Kila mwaka ni mwakani. Na ukigusia bajeti ya halmashauri, kila mtu atakutajia ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo wa biashara! Mtoto asiyeweza kushika kijiko atafungua duka gani? Anahitaji mwalimu, mazoezi ya viungo karibu na kwao, na nauli ya kumfikisha hospitali ya KCMC.

Shemeji yangu anasema kumpeleka mtoto mbele za waheshimiwa, kama yule mama wa Austin, ni kumdhalilisha. Ana hoja. Hata huku wapo waheshimiwa wanaopiga picha na mtoto asubuhi, jioni wanapiga kura ya hapana. Basi mtoto abaki na bibi yake, tena bibi yupo, mama aende. Asiende peke yake. Wakiwa kina mama sita, hata mtendaji atawatafutia viti.

Diwani mnaye hapo hapo, mnakutana naye misibani. Halmashauri hupitisha makadirio yake kabla ya Bunge la bajeti kuanza Dodoma mwezi Aprili, kwa hiyo Januari ndiyo mwezi wa kumfuata, si Juni. Na sisi wa ughaibuni, viti mwendo tuendelee kutuma, lakini tuchange pia nauli za hao kina mama na chakula cha siku watakayoshinda halmashauri. Maswali ya kuanzia yanatosha mawili: kata yetu ina walimu wangapi wa elimu maalum, na mwaka huu mmewatengea watoto hawa shilingi ngapi?