Mjusi wa ndevu hashibi joto la taa peke yake

Mjusi wetu wa ndevu, yule Waingereza wanayemwita bearded dragon, tunamwita Babu, kwa sababu ya ndevu. Akiogopa au akikasirika, koo humvimba, miiba yake midogo ikasimama, na ngozi ya kidevuni ikawa nyeusi ti. Wanangu walimpata miaka minne iliyopita hapa Leicester, Uingereza, kwa mtu aliyekuwa anahama. Alikuja na sanduku la kioo la sentimita 60, taa nyekundu na mchanga. Tukaambiwa kila kitu kimo humo.

Baada ya miezi mitatu nikaona vidole vya miguu yake ya nyuma vinatetemeka. Nilimnyanyua, na taya lake la chini likabonyea chini ya kidole gumba changu, laini kama ncha ya sikio. Jioni hiyo tulikuwa tunaongea na mama yangu aliyeko Tanga, kwa video. Akamtazama kidogo, akauliza, "Mwanangu, huyo mbona kama ana matege? Mnamtoa juani?" Nikamjibu kwamba anashinda dirishani kutwa nzima.

Daktari wa wanyama alimpiga eksirei, akasema yale yale aliyosema mama. Mifupa ilikuwa imepungukiwa kalsiamu. Na jua la dirishani halikumfaa kitu, maana kioo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno (ultraviolet), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, hata umlishe kalsiamu namna gani, mwili hauwezi kuinyonya vizuri. Sisi tuliokulia kwenye jua la bure tumezoea kudhani jua ni joto na mwanga tu. Taa nyekundu ilikuwa inampa joto, huku mifupa yake ikilainika siku hadi siku mbele ya macho yetu.

Asili ya mjusi huyu ni nyanda kame za ndani ya Australia, ambako hupanda mashina na nguzo za ua ili aote jua. Tena ana ndugu Afrika Mashariki: yule mjusi wa kichwa cha waridi na mwili wa buluu anayeonekana kwenye majabali ya Mwanza na Serengeti ni wa familia moja naye. Aliyewahi kumwona saa nne asubuhi juu ya jiwe, anatikisa kichwa na mgongo wote ameuelekeza juani, ameshamwelewa Babu. Joto analijua kwa kutoka juu. Ndiyo maana siyapendi kabisa yale mawe ya umeme yanayopasha joto kwa chini, yanayouzwa kwa ajili yao. Humuunguza tumbo naye asiondoke.

Kwa hiyo tulianza upya. Mjusi mzima anahitaji kizimba cha angalau sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ili apate pa moto na pa kupoa: chini ya taa ya joto nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, upande wa pili kama 25. Juu yake tuliweka tyubu ndefu ya urujuanimno, inayowaka saa 12 kwa siku. Usiku taa zote huzimwa. Tyubu hiyo ina hadaa yake: miale hupungua huku mwanga ukiendelea kuonekana vilevile. Tumeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe tuliyoifunga, na kila baada ya mwaka tunaibadilisha hata kama inawaka.

Akae peke yake. Nimeona watu wakifurahia mijusi miwili iliyolaliana chini ya taa, wakasema inapendana. Yule wa juu anamzibia mwenzake jua.

Kwenye chakula, sisi Waswahili tumebahatika, kwani sukuma wiki ni miongoni mwa majani bora kwake. Mchicha na spinachi si vya kila siku, kwa sababu vina oksalati inayoikamata kalsiamu. Parachichi asipewe kabisa. Nyenje tunawapaka unga wa kalsiamu, na asiwepo aliye mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Na kimulimuli usithubutu kumpa. Mmoja tu anaweza kumuua. Wanangu huosha mikono kwa sabuni kila wanapomshika, maana mijusi hii hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata ikiwa mizima, na vyombo vyake haviingii kwenye sinki la jikoni.

Kinachoniuma ni kwamba mnyama huyu ni rahisi kumpata kuliko nyumba yake. Naamini kabisa hakuna anayepaswa kukabidhiwa mjusi kabla kizimba hakijasimama na kipimajoto hakijasomwa. Anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Mtoto wa miaka minane atakuwa mtu mzima mjusi yupo bado. Mzazi asiyeweza kununua tyubu ile mwaka hadi mwaka amwambie mwanawe hapana, kwa upendo.

Taya la Babu lilirudi kuwa gumu baada ya miezi mingi ya dawa. Mguu wa nyuma wa kushoto umebaki umepinda. Saa mbili asubuhi taa zikiwaka, huuburuta mguu huo hadi juu ya gogo, akajitandaza bapa na kufumba jicho moja, na binti yangu humsogezea jani la sukuma.